Sentensi Aliyoikata Mwalimu

Foleni ya fotokopi haina adabu, hasa majira ya mitihani. Siku hiyo duka lilijaa watu mpaka kizingitini, feni inazunguka bila kuleta upepo, mashine moja imemeza karatasi na nyingine inatoa nakala zenye michirizi. Mwalimu alikuwa amefika mbele kwa jasho lake, gauni lake la kijani limekunjamana mgongoni, mkononi kashika karatasi ya mazoezi ya darasa lake la insha. Hapo ndipo bega la mtu mwenye sare nyeupe lilipopenya upande wa kushoto.

"Dada yangu, naomba unipishe. Nina cheti kimoja tu, na wodini wananisubiri."

"Kila mtu hapa ana kimoja tu, kaka. Kwa nini wewe?"

Mwingine angesema tafadhali mara ya pili. Huyu alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kwa sababu wewe ukichelewa wanafunzi wako watafurahi. Mimi nikichelewa kuna mtoto atakaa na njaa."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Kiwiko chako. Kina chaki."

Watu wa nyuma wakacheka, na mwalimu akampisha huku anajipangusa. Alipokuwa anangoja cheti chake, yule muuguzi alianza kusoma karatasi ya mwenzake bila hata kuona aibu.

"'Simu zina faida na hasara.' Mbona hii haisemi kitu?"

"Ndiyo maana imo. Hizo ni kauli kuu mbovu, wanafunzi wanatakiwa wazitengeneze." Akamwona hajaelewa, na ualimu ukampanda. "Unapoandika insha ya kushawishi, kuna sentensi moja mwanzoni inayosema uko upande gani na kwa nini. Hiyo ndiyo kauli kuu. Kama hakuna anayeweza kukubishia, hujasema kitu. Ukikaa katikati, vilevile hujasema kitu."

"Na hii ya chini? 'Hospitali ni muhimu.'"

"Nani atabisha?"

Muuguzi akakuna kidevu. "Haya. Hospitali ziruhusu kila mgonjwa alale na jamaa yake mmoja, kwa sababu mgonjwa aliye peke yake hali akashiba."

Mwalimu aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri: kijana mrefu, macho yamechoka kwa kukesha, kucha zimekatwa fupi kabisa, tabasamu halina haraka. Alisomesha watu wazima waliokuja darasani na digrii zao, na hawakuwa wamempa sentensi kama ile.

"Hiyo nitaiiba," alisema.

"Iibe. Lakini niachie namba yako ya simu kama rehani."

Ndivyo walivyoanza. Wodini kwake kijana aliitwa Mkono Mwepesi, maana sindano yake haikumliza mtu, na kazi yake ilikuwa kuwalea watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Mwalimu naye akapewa jina siku hiyohiyo: Mwalimu Kwanini.

"Mwalimu Kwanini, umeamkaje?" simu iliita kila asubuhi.

"Nimeamka nimenuna."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu jana hukupiga."

"Kauli safi. Ina upande, ina sababu, na naibishia: nilipiga, wewe ulizima simu."

"Niliizima kwa sababu hukupiga."

"Haya, laazizi, umenishinda. Toka mapema leo, nikununulie chai."

Walipendana kwa kubishana. Walibishana kama mvua ni nzuri kuliko jua, kama viatu vyeupe vya kazini vinafaa kuvaliwa harusini, kama mtu anayelala mchana anahesabiwa mvivu. Dada yake mkubwa mwalimu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliwasikiliza siku moja akashusha nguo aliyokuwa anaipinda.

"Nyie mnapendana au mnafanya mdahalo?"

"Vyote," alisema Mkono Mwepesi.

"Basi mmoja wenu aseme nakupenda, mimi nimpigie makofi."

Wote wawili wakacheka na kutazama pembeni. Ndiyo, hawa watu wa maneno walikuwa hawajalisema hilo moja. Yeye kijana aliona haya. Mwalimu alikuwa na kiburi cha watu wanaojua lugha: aliamini kwamba neno lake likitoka la kwanza, limeuzwa rahisi. Aliweza kumsimamisha mwanafunzi yeyote na kumwambia achague upande, ila wa kwake aliuficha. Mganga hajigangi.

Na alikuwa na mazoea yake ya kusahihisha. Sentensi ikiwa mbaya, aliandika pembeni ubaya wake. Sentensi ikiwa nzuri lakini imejificha nyuma ya 'labda' au 'ingawa', aliipiga mstari mmoja mwekundu na hakuandika chochote. Darasa lake zima lilijua maana yake: rudi nayo, ikiwa imesimama wima. Mwalimu akikuandikia, umekosea. Akikata kimya, anataka zaidi. Wageni walielezwa na wenyeji siku ya kwanza, na yeye mwenyewe hakukumbuka tena kwamba lilikuwa jambo la kuelezwa.

Kisha ikatangazwa nafasi ya masomo ng'ambo, miaka minne, ya kutunza watoto njiti. Aliyetaka alipaswa kuandika insha ya kuwashawishi wakubwa wa chuo. Mkono Mwepesi alikuja na karatasi kwenye mgahawa ulio karibu na hospitali, ameketi upande mmoja wa kiti kama mtu anayengoja majibu ya maabara.

"'Mimi ni muuguzi na ninapenda watoto,'" mwalimu alisoma. "Nani atabisha, mpenzi?"

"Mama yangu. Anasema ningependa watoto ningekuwa nimeshampa mjukuu."

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, kisha wakafanya kazi. Alimwuliza maswali kama hakimu. Kwa nini wewe? Kwa nini huko na si hapa? Wasipokupeleka, nani ataumia? Polepole kauli ikatoka, na ilikuwa nzito: wapelekwe kusoma wauguzi ambao tayari wana mikono mizuri, kwa sababu mkono mzuri usio na elimu huokoa mtoto mmoja, na wenye elimu hufundisha mikono mingine. Mwalimu aliisikia na moyo ukamwuma palepale, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu yeye ndiye aliyeivuta kutoka kinywani mwa mtu ambaye yeye mwalimu hakutaka aende.

Baada ya wiki moja, mgahawani palepale, mwalimu aliletewa insha nzima aisome. Mbele ya ile kauli palikuwa na maneno mapya: *Ingawa yupo mtu hapa ambaye akiniambia nibaki nitabaki.*

Alisoma mara tatu. Masikio yalimwaka moto. Mkono Mwepesi alikuwa mbele yake, anakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. Furaha ilikuja kwanza, kubwa, nusura imtoe machozi. Nyuma yake ikaja hasira. Yaani mimi, alijisemea, niwekwe ndani ya ingawa? Neno kubwa kama hili linifikie limejibanza kwenye insha ya watu, nilisome kwa kubahatisha? Kama ananitaka, alitoe hapa aje aniambie usoni.

Akachukua kalamu nyekundu, akapitisha mstari mmoja juu ya maneno yale. Hakuandika chochote. Akamrudishia karatasi.

"Kunywa," alisema, "chai inapoa."

Mkono Mwepesi aliutazama ule mstari kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Akaikunja karatasi, akasema asante mwalimu. Hakusema mpenzi. Mwalimu alitoka pale ameshika moyo wake mkononi, anangoja.

Alingoja simu usiku, ikaja ya kumtakia lala salama na si zaidi. Akangoja asubuhi. Siku ya kutuma insha kijana alimwonyesha ile ya mwisho: safi, imenyooka, na yale maneno hayamo kabisa.

"Imekaa sawa sasa?" aliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mimi ninayesimulia ningempiga mwalimu kibao kama ningekuwepo. Lakini yeye aliona kwamba kijana amemtupa kwa mstari mmoja tu wa wino, bila hata kumpigania, na kiburi kikamjaa mpaka kooni.

"Imekaa sawa," alisema. "Sasa inashawishi."

Baada ya hapo simu zilifupika. Mizaha ilikwisha kama sabuni inavyokwisha, huoni siku gani. "Nimechoka leo." "Sawa, pumzika." "Kesho nina zamu." "Sawa." Majibu ya chuo yalipofika kijana alimtumia ujumbe mfupi kwamba amekubaliwa, naye akajibu hongera, kisha akaenda kwa dada yake akalia juu ya vitambaa vya watu.

"Umemwambia asiende?" dada aliuliza.

"Hakuniuliza."

"Kwa hiyo mnangoja nani awaulize, serikali?" Dada akavuta kitambaa kisilowe. "Mdogo wangu, unawafundisha watu kusema wanachotaka. Mshahara huo unaula kwa haki?"

Siku ya mwisho ya kazi ya Mkono Mwepesi, mwalimu aliomba ruhusa, akavaa gauni lake zuri la bluu, akaenda hospitali. Alimkuta kwenye ukumbi wa nje wa wodi ya njiti, nyuma ya kioo kikubwa. Ndani mlikuwa na joto na mashine zilizolia taratibu, na watoto wadogo kama viganja. Kijana alitoka akiwa bado anakausha mikono.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini uliyatoa yale maneno?"

Alijua ni yapi. "Uliyakata wewe."

"Niliyakata ili uyarudishe. Nikikata bila kuandika kitu maana yake ni nzuri, umeificha tu. Wanafunzi wangu wote wanajua. Nilitaka uje uniambie mimi, si uwaambie wakubwa wa chuo. Nilingoja, na hukuja."

Mkono Mwepesi alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa dawa ya ugonjwa uliokwisha kuua.

"Mimi si mwanafunzi wako," alisema polepole. "Nilitafuta wiki nzima namna ya kukuuliza. Nikaona nikuulize kwa kitu unachokipenda. Ukapitisha wino mwekundu juu ya swali langu, ukaniambia chai inapoa."

"Mungu wangu."

"Nilifika nyumbani nikakaa gizani, na taa ipo."

Mhudumu alipita na rundo la mashuka, wakampisha. Mwalimu aliona kwamba akinyamaza tena hapa, atanyamaza maisha yake yote. Akavuta pumzi.

"Basi nisikilize. Usiende, kwa sababu nakupenda, na kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayetaka kubishana naye mpaka uzee."

Kijana alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Ni nzuri," alisema.

"Sikuomba maksi."

"Najua. Lakini ile nyingine nimeshaiandika. Uliniambia niiandike mpaka mtu asiyenijua aniamini, nami nikaiandika kila siku mpaka nikaiamini mimi mwenyewe. Wale," akaonyesha kioo, "kuna tunaowapoteza kwa sababu hatujui. Sasa siwezi tena kujifanya sijui hilo."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa ugonjwa wangu. Niliumwa vibaya, nikajitibu peke yangu, na nimepona nusu." Alitaka kumshika mkono, akakumbuka kwamba ameshanawa kwa ajili ya watoto, akauacha mkono wake hewani kisha akaushusha. "Nikibaki leo, nitakuwa namtazama kila mtoto anayetufia na kukuhesabia wewe. Sitaki kukufanyia hivyo."

"Miaka minne si milele. Nitakungoja."

"Usiningoje. Sote wawili tumeshaona tunavyongoja."

Mwalimu alitafuta la kubisha. Alikuwa na hoja nyingi, zimepangika, kila moja na sababu yake, na alijua hakuna hata moja itakayomgeuza mtu yule.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Siku ile mgahawani, ningesema nini?"

Mkono Mwepesi aliegemea ukuta. "Chochote. Ilikuwa si lazima iwe nzuri, mwalimu. Ungesema tu 'labda ubaki.' Ningebaki."

Ndani ya wodi mtoto alianza kulia kwa sauti nyembamba, na muuguzi mwenzake akagonga kioo kumwita. Mkono Mwepesi alimwinamia mwalimu, paji la uso likagusa lake kidogo tu, akaingia. Mwalimu alimwona akijifunga gauni jipya, akivuta kiti, akimwinua yule mtoto na vitambaa vyake vyote kwa mkono mmoja, akianza kumpa maziwa tone kwa tone. Hakutazama nje tena, na haikuwa kwa ukatili. Kazi ile haikuruhusu.

Muuguzi mama mmoja alitoka na daftari la wageni, akamkuta bado amesimama.

"Saa ya kuona wagonjwa imekwisha, binti. Wewe ni jamaa wa nani humu?"

"Si jamaa wa mtu," alisema mwalimu.

Yule mama akamwonyesha mlango wa kutokea.