Kivuli cha Herufi za Shaba

"Hili si gari langu," alisema Mama Breki.

Koplo alitazama karatasi mkononi mwake, akatazama namba za gari, akairudia karatasi. "Mama, namba ni zako."

"Namba ni zangu. Gari si langu. Langu limepauka kama ukuta wa chokaa. Hili linang'aa."

Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya mtaa mtulivu, nyuma ya kiwanda cha mikate, milango imefungwa, vioo vimepandishwa, kana kwamba mwenyewe kaingia dukani mara moja. Lilikuwa la bluu. Bluu hasa, ya mtu kujitazama uso. Lililoibwa uani kwa Mama Breki lilikuwa na boneti na paa jeupe kwa kuliwa na jua, na ukiliegemea uliondoka na unga wa bluu mgongoni.

Mama Breki alizunguka nyuma.

"Herufi zangu ziko wapi?"

Nje ya buti palikuwa patupu. Hilo lilikuwa gari pekee la Shule ya Udereva Tulia, jina ambalo marehemu mumewe alilitunga kwa utani, maana mkewe akiwa kwenye kiti cha mwalimu alipiga ukelele wa "breki!" hadi wapita njia nao wakasimama. Herufi tano za neno hilo, TULIA, marehemu alizikata mwenyewe kwa shaba, akazipiga tupa mpaka zikawa laini, akazibandika nyuma ya gari kwa mkono wake. Mjane alikuwa akizifuta kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

"Kesi imekwisha, afande," Koplo alimwambia Inspekta. "Kijana wake tuliyemshika aling'oa herufi ili alifiche gari, apate kuliuza."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kujiamini kuliko kimo chake, na alipenda kuwa sahihi bila kuona haya. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akaifuta juu ya boneti, akaitazama. Leso ilibaki nyeupe.

"Koplo, mwizi anayeficha gari anaanza na nini?"

"Namba, afande."

"Hizi hapa namba. Watu wa alama za vidole wanasemaje?"

"Hakuna alama ya kidole hata moja. Mzoefu huyo."

"Au mtu aliyemaliza kazi akapiga nta."

Aliinama mpaka jicho likawa sawa na buti. Kuhusu rangi za magari Inspekta hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na kigari chake chakavu alichokipolishi kila wikiendi, na mumewe alizoea kulalamika kwamba kigari kinaogeshwa kuliko yeye. Alijua kwamba herufi zikikaa miaka kwenye gari zinaikinga rangi ya chini yake. Pembeni jua linakula, rangi inakuwa unga. Chini ya herufi inabaki mbichi. Siku ukizing'oa, jina halitoki. Linabaki pale kama kivuli, linasomeka tangu ng'ambo ya barabara.

Hapa kivuli kilikuwa kimefifia sana. Usipoinama upande, hukioni.

Kama ni kuficha jina, mtu angesugua buti peke yake akaondoka. Huyu alikuwa amelisugua gari zima. Inspekta alifungua kifuniko cha tangi la mafuta. Hata ndani kulikuwa kumesuguliwa. Alipitisha kucha kwenye ufito wa mpira wa mlango, mahali ambapo polishi hukauka ikaacha ukoko mweupe. Hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa amepita na brashi.

"Huyu hakuwa na haraka," alisema. "Na hakuwa na mpango wa kuuza."

"Basi alikuwa na mpango gani?"

"Ndiyo maana tunamtafuta, atuambie. Lipeleke kituoni. Taratibu, usilikwaruze."

Kijana mwenyewe alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo umenyooka kana kwamba yuko kwenye kiti cha ofisi. Mama yake ndiye aliyemtaja. Usiku wa kuamkia wizi walikuwa wamegombana: yeye alitaka gari liuzwe kwa sababu linatia aibu, mama akasema aibu ni ya mtu anayeionea haya kazi ya baba yake. Kesho yake gari halipo, na ufunguo wa akiba ulikuwa kwa kijana. Alikuwa ameajiriwa juzijuzi kuendesha mabasi ya abiria, na bosi wake alishatoa neno: akipandishwa kizimbani, asirudi. Alikuwa anapandishwa kesho asubuhi.

"Mama yako amesema ukiomba radhi anafuta kesi," Inspekta alimwambia.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Radhi ya nini, afande?"

"Ya kutoka humu ndani. Uwahi kazi yako."

"Nikiomba radhi nimekubali. Nikikubali, nitatoka mwizi aliyesamehewa. Na mimi si mwizi. Kazi nyingine nitatafuta."

Inspekta alipenda jibu lile kuliko ilivyompasa askari kulipenda.

"Gari umewahi kulipolishi?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza kijana alicheka. "Hata kuliosha nilikuwa napigiwa kelele. Muulize mama."

Inspekta alikwenda kumuuliza mama, lakini swali lake lilikuwa jingine. "Nani amewahi kukuomba alitengeneze rangi?"

"Mafundi? Wote! Gari la hivyo wakiliona mikono inawawasha. Watatu ndio walionisumbua zaidi. Niliwafukuza."

"Kwa nini?"

"Wote walisema lazima herufi zitoke kwanza. Nikawaambia mimi nikiwa hai hazitoki."

Mchana huohuo mafundi watatu waliitwa kituoni kutoa maoni ya kitaalamu, na walikuja wamevaa mashati safi, maana si kila siku polisi wanamwita mtu kwa heshima. Gari lilikuwa uani, juani. Mama Breki aliketishwa ofisini, dirisha likaachwa wazi.

Fundi wa kwanza alizunguka gari, akapiga mluzi. "Hii kazi! Aliyeifanya ana mkono."

"Ana mkono?" Inspekta alikunja uso. "Mimi naona amebabaisha."

Fundi alimeza mate. "Ndiyo, afande. Ukiangalia vizuri, amebabaisha."

Wa pili hakusubiri kuulizwa. "Kazi ya mwanagenzi hii, afande. Tena mvivu."

Wa tatu alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Fundi Kioo, kwa sababu enzi zake gari likitoka kwake mtu aliweza kunyolea ndevu kwenye mlango. Ndiye aliyelipaka gari hili rangi tangu mwanzo, mume wa Mama Breki alipokuwa hai. Alisimama mikono nyuma. Taya lake lilikuwa linacheza.

"Na wewe mzee wangu?"

"Siwezi kusema."

"Njoo basi nikuonyeshe." Inspekta aliinama nyuma ya gari. "Hapa. Unaona kivuli cha herufi? Alitaka kukifuta, kikamshinda. Yaani mwizi, na kazi yenyewe hajui."

"Hakikumshinda," Fundi Kioo alisema.

"Kinaonekana!"

"Kimeachwa! Rangi iliyokuwa chini ya herufi ni nene, ya pembeni imeliwa na jua. Ukitaka zilingane kabisa, unasugua mpaka unatoboa, unafika kwenye praima, ile rangi ya msingi. Anayejua anasimama pale. Na kuna haja gani ya kumaliza rangi ya watu, wakati herufi zenyewe zinarudi palepale juu yake?"

Mafundi wawili walijikuta wamesogea hatua moja nyuma.

"Nani amekuambia herufi zinarudi?" Inspekta aliuliza kwa upole.

Fundi Kioo alirudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Kila mtu hapa anajua ziling'olewa na mwizi," Inspekta aliendelea. "Koplo anajua hivyo, mwenye gari anajua hivyo. Anayejua kwamba zinarudi ni yule aliyezing'oa."

Mzee alitazama gari. Hakutazama geti wala hakuwatazama askari. Kisha akasema, "Mwanagenzi mvivu, eti," akamgeukia fundi wa pili kwa jicho ambalo yule hatalisahau.

Ofisini alionywa kwanza, kama sheria inavyotaka, kwamba atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Alisema ameelewa. Mama Breki alikaa upande wa pili wa meza na hakupepesa macho.

"Gari ulilichukua wewe?"

"Mimi. Mama akiwa darasani anafundisha alama za barabarani. Ufunguo marehemu aliniachia tangu zamani, hakuna aliyewahi kuudai."

"Kwa nini?"

"Afande, wewe unajua kutembea mjini jina lako limepauka?" mzee alisema. "Kila gari lile linaposimama kwenye taa, watu wanauliza, nani alipaka ule uchafu? Na huyu mama anawajibu. Hanifichi! Anasema, 'Fundi Kioo.'"

"Waliuliza, nikajibu," Mama Breki alisema. "Ulitaka nidanganye?"

"Nilikuomba nilitengeneze bure, shemeji. Bure! Ukanifukuza kama muuza dawa za panya."

"Ungelisugua tu, ukaziacha herufi."

"Kazi nusu mimi sifanyi. Ukizizunguka, pembeni ya kila herufi panabaki weupe, na mashine inaikwaruza shaba. Ule mkono wa marehemu niukwaruze mimi? Nilizipasha moto kwa kikausha nywele, nikapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, nikawa nakata gundi kidogo kidogo. Gundi iliyobaki nikaitoa kwa mafuta ya taa. Halafu msasa laini wa maji, halafu dawa, halafu nta. Nilikusudia nilirudishe palepale uani lina herufi zake. Uamke ulikute, ulie kwa furaha."

Koplo aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu. Kwa kweli hata yeye alikuwa amesahau kidogo kwamba anaandika habari za wizi.

Inspekta hakusahau. "Ulisikia kwamba kijana wake amekamatwa?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilisikia."

"Lini?"

"Siku ileile."

"Mbona hukulirudisha siku ileile?"

Mzee alinyoosha ukosi wa shati lake.

"Nakuuliza, mzee wangu."

"Herufi moja ilikatika. Ile L. Ningelirudishaje lina pengo? Nilikuwa naiunga. Naiunga, nauona mshono, naivunja naanza upya. Nikasema kesho itakuwa tayari. Kesho ikifika mshono bado unaonekana. Mwisho nikaliacha mtaani, nikadhani likipatikana tu mtamwachia."

"Ukaacha mtoto wa rafiki yako alale sakafuni kwa ajili ya mshono."

"Ndiyo," alisema Fundi Kioo, na hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, kama watu wasiozoea, huku anajifuta kwa kiwiko ili asichafue shati.

Koplo alitumwa gereji. Alirudi na kitambaa laini, ndani yake herufi nne zinazowaka kama mpya na vipande viwili vya L. Inspekta alivipanga mezani mbele ya mwenyewe.

Mama Breki alizigusa moja moja. Hakuna aliyemharakisha.

"Shemeji," Fundi Kioo alisema. Alikuwa tayari amefungwa pingu. "Rangi unaionaje?"

Inspekta alitaka kumnyamazisha, lakini mama aliinua mkono. Alikwenda dirishani, akalitazama gari lake juani kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Haijawahi kuwa nzuri hivi, hata siku ulipoipaka. Marehemu angekukumbatia."

Uso wa mzee ukafunguka.

"Na mashtaka hayafutwi," alisema Mama Breki. "Gari ningekusamehe. Mwanangu, hapana."

Fundi Kioo aliitikia kwa kichwa. Akatoka na Koplo, na alipopita uani alitembea wima, pingu na yote.

Kijana alitolewa mahabusu. Kaunta walimrudishia mkanda, kamba za viatu na simu yake. Alikuwa amepiga goti moja anafunga viatu, mama yake alipotokea kwenye korido. Pale kaunta palikuwa na watu wengi: waliopotelewa na vitambulisho, waliogombana na wapangaji, askari wa zamu wawili.

Inspekta alimfahamu Mama Breki miaka mingi, na hakuwa amewahi kumsikia akikiri kosa. Mwanafunzi akigonga nguzo, kosa lilikuwa la mwanafunzi. Ikiwezekana, la nguzo. Kwa hiyo alijiandaa kusikia maneno mawili ya chinichini na safari ya haraka kuelekea mlangoni.

"Nimekusingizia," Mama Breki alisema, kwa sauti ileile ya kusimamisha magari. Watu wote waligeuka. "Hukuiba. Mimi ndiye niliyekosea, na nimekosea mbele za watu, basi nakuomba radhi mbele za watu. Nisamehe, baba."

Kijana alisimama. Kidevu chake kilikuwa cha mama yake mtupu, na hakuna aliyejua atasema nini.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Alimshika shavu, akamwachia upesi, akanyoosha mkono. "Nipe simu. Bosi wako namba yake iko humu?"

"Mama, usimpigie..."

"Nipe."

Alipiga, akasubiri, macho yameelekezwa juu ya vichwa vya watu wote waliokuwepo.

"Haloo. Mimi ni mama wa dereva wako mpya. Ndiyo, huyo waliyekuambia ameshikwa. Aliyemshitaki ni mimi, na nilisema uongo bila kujua. Sasa sikiliza. Nilimwambia akubali tu kosa nimtoe, na wewe ulishamtishia kazi. Akakataa. Alikaa sakafuni, akakataa kusema uongo hata kwa ajili ya mama yake, hata kwa ajili ya mshahara wako. Una madereva wangapi wa namna hiyo? Eeh? Hesabu vizuri." Akanyamaza, akasikiliza. "Ndiyo. Saa kumi na mbili asubuhi atakuwa hapo. Amefundishwa na mimi."