Chumba cha Bibi Uani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea bibi yake chai. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alipita ubavu ubavu kama kaa kwenye kichochoro kilichobaki kati ya nyumba yao na chumba ambacho baba alikijenga uani, kikigusa ukuta wa jirani.

"Hodi, mke mwenzangu!" aliita kwa utani wao wa kila siku.

Siku hiyo hakuitikiwa. Alisukuma mlango akamkuta bibi sakafuni, uso umempauka, mkono umeshika nyonga.

"Usiniguse, mjukuu wangu," bibi alinong'ona. "Mfupa umevunjika. Muite baba yako."

Gari la wagonjwa lilifika upesi, lakini machela ilikwama mdomoni mwa kichochoro. Wahudumu waliigeuza, wakaiinamisha, wapi!

"Hakuna njia nyingine?" mmoja aliuliza.

"Mbebeni tu mikononi!" baba alilia.

"Tukimkunja, mfupa utakata mshipa. Tutampoteza, mzee."

Ndani, bibi alianza kuita majina ya watu waliokwisha kufa. Mama alijishika kichwa. Chiriku alijua kwa nini mlango ulikuwa upande ule wa shida.

Baba hakuwa na kibali cha kujenga. Mkaguzi wa majengo alipopita mtaani, alikuwa amewaeleza wazi: nyumba ya uani iachiwe nafasi kati yake na ukuta wa jirani, na njia ya kupitisha mgonjwa. Baba aliona hizo ni sheria za wenye viwanja vikubwa. Akauficha mlango kichochoroni ili chumba kionekane stoo. Mkaguzi aliporudi, alimuuliza Chiriku, "Binti, humu analala mtu?" Naye, kama alivyofundishwa, akajibu, "Hapana, shikamoo, ni mbao tu." Maneno yakamtoka ovyo, lakini uongo ulinyooka, na mkaguzi akaamini akaenda zake.

Sasa baba alichukua nyundo kubwa. Alipiga ukuta unaotazama geti, huku akilia kama mtoto. Jirani akaruka na sururu yake kusaidia. Mama alimfunika bibi kwa godoro asiangukiwe na matofali. Kila pigo bibi alipiga ukelele, na Chiriku akaziba masikio. Hatimaye tundu likapanuka, machela ikaingia, bibi akatolewa akiwa mweupe kwa vumbi, bado anahema.

Daktari alisema kama bibi angechelewa kidogo tu, wangezungumza mengine.

Bibi alipopata nafuu, baba alimshika Chiriku mkono wakaenda kwa mkaguzi, ofisi ya manispaa. Chiriku ndiye aliyeanza.

"Nilikudanganya. Bibi yangu alikuwa analala mle."

"Ni mimi niliyemtuma," baba alisema, macho chini. "Nionyeshe inavyotakiwa."

Mkaguzi hakuwagombeza. Alitoza faini, akawachorea chumba kidogo zaidi, chenye dirisha, mlango mpana na nafasi pande zote. Chumba cha zamani kilibomolewa, na kipya kikajengwa kwa kibali.

Siku bibi alipohamia, baba aliwaita wote uani.

"Nilidhani namkwepa mkaguzi," alisema, "kumbe namfungia mama yangu njia ya kutokea. Sheria ya kujenga haikuwekwa kutukomoa. Na wewe, mwanangu, hata mimi nikikutuma uongo, kataa."

"Nitakataa, baba."

"Atakataa kwa maneno mengi," bibi alisema, na wote wakacheka.