Pleti ya Kushoto

Fundi Kobe aliegemea bampa ya nyuma ya lile gari-nyumba, akaikandamiza kwa uzito wake wote, akaiachia. Ndivyo mafundi wa springi wanavyoanza kazi. Gari lililo zima hunyanyuka mara moja na kutulia. Gari lililochoka hudunda kama mtu mwenye kwikwi. Hili lilidunda, likadunda tena, likapungua, likatulia. Kobe akachukua kitambaa afute mikono, na alipokwisha kuligeuzia mgongo, likadunda mara moja zaidi.

Aligeuka. Hakuna aliyeligusa.

Akawaambia wenye gari kwamba shokapu zimekufa, na alisema kwa sauti ya mtu anayejishawishi mwenyewe. Shokapu ni yale mabomba ya mafuta yanayoizuia springi isiendelee kuruka, na zikifa gari hufanya vituko vingi. Lakini kituko cha kutulia kwanza halafu kukumbuka, Kobe hakuwahi kukiona, naye alikuwa amelala chini ya magari muda mrefu kiasi kwamba gereji zote za mtaa ule zilikwisha kusahau jina alilopewa na wazazi wake.

Wenye gari walikuwa mume na mke. Mume alikuwa mpimaji macho, mtu mwembamba wa maneno mengi, aliyezunguka mji hadi mji akiuza miwani. Ndani ya gari mlikuwa na jiko dogo, meza ya kupimia macho, makabati ya droo nyembamba zilizojaa miwani, na mwishoni kabisa, juu ya gurudumu la nyuma kushoto, kitanda chao. Mke alikuwa na mimba kubwa. Mbili zilizotangulia ziliharibika, zote wakiwa safarini, na daktari alimwambia mume bila kupepesa macho kwamba mwanamke huyu akirushwarushwa tena, na huyu wa tatu watamzika. Walitaka kumfikisha kwa mama yake akajifungulie huko. Barabara ilikuwa ndefu na yenye mashimo.

"Fundi, sikuombi gari liwe zuri," mume alisema. "Nataka litulie tu."

Kobe akaingia chini ya gari. Shokapu zilikuwa zikivuja, bushi za mpira zimelika mpaka zinapwaya, na springi zenyewe, zile pleti ndefu za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zilikuwa zimelala bapa. Yote hayo yalitengenezeka. Lakini Kobe alikuwa na utaratibu wake ambao mafundi wenzake waliucheka: hakupima springi gari likiwa tupu. Alisema gari tupu lina adabu za uongo, kama bwana harusi mbele ya wakwe. Kwa hiyo akawaambia wajaze tangi la maji, warudishe kila kitu mahali pake, kisha mume akae kwenye usukani na mke alale kitandani, kama vile wako njiani. Ndipo akapima kimo cha gari kulia na kushoto.

Nyuma kushoto kulikuwa chini. Akamwomba mke ateremke. Kushoto kukabaki chini. Akamwaga maji, akatoa godoro, akatoa droo zote za miwani na mtungi wa gesi. Kulia kulinyanyuka kama kunavyopaswa. Kushoto hakukunyanyuka hata upana wa kidole.

Mume alipokwenda duka la vipuri kutafuta bushi, mke aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akasogea karibu na miguu ya Kobe iliyochomoza chini ya gari. Akanong'ona kama anayeogopa gari litasikia.

"Fundi, nikwambie kitu usinicheke?"

"Sema, shemeji."

"Nikilala, godoro linabonyea upande wa ukutani. Mume wangu hulala upande wa nje." Akashika tumbo. "Zile mara mbili, kabla sijapoteza, lilibonyea karibu zaidi. Karibu na tumbo."

Kobe hakucheka. Alisema chuma kikichoka kina mambo yake, akamwambia asitie hofu moyoni, si vizuri kwa mtoto. Na hapo ndipo alipokosea, tena lilikuwa kosa la fundi mzuri, maana fundi mbovu angefunga shokapu mpya na kuwaaga kwa tabasamu. Kobe alijiambia kwamba uzito uko pale, amekwisha kuupima kwa mkono wake, uwe wa nini si hoja, na springi yake itaubeba. Akatafuta pleti moja nene ya ziada, akaipachika katikati ya pleti za kushoto, akabana. Gari likasimama sawasawa pande zote mbili, akajisikia fahari.

Alipokuwa anakaza nati ya mwisho, alisikia juu yake, ndani ya gari lisilo na mtu, pumzi ndefu ikishushwa taratibu, ile anayoitoa mzee akipata kiti baada ya kusimama muda mrefu. Kisha ikateremka harufu ya nywele zilizoungua. Kobe akabaki amelala na spana mkononi.

Angesema neno pale pale. Hakusema. Aliona haya, fundi wa umri wake kuogopa pumzi.

Alasiri wakatoka kulijaribu. Mume alishika usukani, Kobe akakaa pembeni yake, mke akalala kitandani. Nje ya mji, penye mashimo, gari lilipita kama linateleza juu ya sabuni, na mume akaanza kumsifu Kobe kwa maneno yake mengi, akasema angekuwa na dada asiyeolewa angempa. Kobe akacheka. Walikuwa bado wanacheka droo ya kwanza ilipotoka kabatini.

Haikuanguka. Ilirushwa. Ilimpiga mume kisogoni na miwani ikapasuka kichwani mwake, na kabla hajageuka ikaja ya pili na ya tatu, na gari, ambalo sasa lilikuwa limeyapita mashimo na magurudumu yake yalikuwa juu ya lami tambarare, likaanza kudunda nyuma kushoto, kwa nguvu, kwa furaha, kama mtoto mtukutu juu ya kitanda cha wageni, na kila lilipodunda mke alirushwa mpaka dari ikampiga usoni na kuangushwa tena chini huku amekumbatia tumbo kwa mikono yote miwili na damu ya pua ikimwingia kinywani. Mume akakanyaga breki. Gari likasimama kando ya njia, kudunda hakukukoma.

Kobe akakimbilia nyuma. Kitu ambacho hakukiona kikampiga kifuani, akajigonga kwenye meza, akainuka, kikampiga mdomoni akatema jino. Aliona godoro. Lilikuwa limebonyea shimo refu upande wa ukutani, shimo lenye umbo la mtu mnene aliyeketi, na shimo hilo lilikuwa linasogea, taratibu, kuelekea kwenye tumbo la yule mwanamke.

"Miaka yote nilikuwa nachuchumaa," sauti ikasema kutoka ndani ya godoro. Ilikuwa sauti ya upole. "Leo nimepimiwa nafasi. Mimi ni mwenyeji humu. Sasa nipisheni nilale na mwanangu."

Mume alimvuta mkewe kwa mabega akashindwa. Mke alikuwa mzito kama amezikwa mchangani. Mume alilia waziwazi, mwanamume mzima, akimwomba Mungu na kumwomba yule mwingine kwa zamu. Mke hakulia. Alimtazama Kobe.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "amenishika mguu wa mtoto."

Ndipo Kobe alipoelewa alichokifanya. Akaruka nje na kuburuta jeki na kisanduku cha spana, na mume alipomfuata akamweleza kwa kunong'ona kwamba ni yeye, Kobe, aliyempa yule wa ndani ya godoro kiti. Alimhesabu. Alimtengenezea chuma cha kubeba uzito wake, na kiti hicho lazima kitoke sasa hivi, kabla hajafika tumboni.

Akanyanyua gari kwa jeki, akaingia chini. Nati alizozikaza mwenyewe zilikuwa za moto kama zimetoka jikoni, zikambabua vidole, akazifungua hivyo hivyo, ya kwanza na ya pili, na juu yake sauti ikabadilika, ikaacha upole, ikanguruma matusi ambayo mume, aliyekuwa amepiga magoti akimwangazia kwa tochi, hajaweza kuyarudia mpaka leo, na gari likaanza kupanda na kushuka juu ya jeki, jeki ikilia, mchanga wa kando ya njia ukititia chini yake, na Kobe akijua, kama anavyojua kila mtu wa kazi ile, kwamba huu ndio wakati wa kutoka, na badala ya kutoka akaingiza mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko kati ya ekseli na fremu ili aifikie boliti ya katikati.

Jeki ikalala. Gari likaukalia mkono.

Mume alisikia mfupa ukivunjika. Kobe hakupiga kelele, alitoa mlio kama wa mbwa aliyekanyagwa, halafu akasema kwa utaratibu wa kutisha kwamba boliti imelegea, achukue nyundo, aigonge ile pleti nene kwa ubavu, aigonge kwa nguvu zake zote na asimtazame yeye. Mpimaji macho, ambaye hakuwahi kushika chombo kizito kuliko bisibisi ya miwani, akalala kifudifudi kwenye damu ya mwenzake akagonga. Pleti haikusogea. Akagonga tena, na juu mkewe akaita jina lake mara moja tu, akagonga huku anapiga mayowe, na pleti ikafyatuka, ikapita karibu na uso wake ikaondoka na nusu ya sikio, ikaenda kujichomeka kwenye udongo ng'ambo ya barabara, ikitetema.

Kilichotoka garini kilivunja kioo cha nyuma na kuchukua kipande cha ukuta. Vichaka vililala kwa mstari mrefu kuelekea kilipokwenda, vikainuka tena. Kisha kimya. Gari likanyanyuka kushoto, lenyewe, na kuuachia mkono wa Kobe, au kile kilichobaki cha mkono.

Lori la kokoto lililopita liliwabeba wote watatu hadi hospitali. Kobe alikatwa mkono juu ya kiwiko. Mume alimshika ule uliobaki, naye Kobe akamtuliza, akasema kwa uchovu kwamba kobe hahitaji mikono miwili, akalale. Ila akamvuta karibu. "Yule ametoka kwenye hesabu," alinong'ona. "Mtu asimpime wala asimhesabu tena."

Uchungu ulimshika mke humo humo lorini, na alfajiri alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwenye maegesho. Mume aliruhusiwa kuingia akiwa na bandeji kichwani. Alilia, safari hii kwa furaha. Alihesabu vidole vya mikono na vya miguu, akavibusu. Juu ya kifundo cha mguu mmoja palikuwa na alama nyekundu, akajiambia itapotea.

Muuguzi, mama mchangamfu aliyekuwa anamaliza zamu, akamfunga mtoto kwenye kitambaa akamning'iniza kwenye mizani, ile ya ndoano na springi. Mshale ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, ukatulia. Muuguzi akageuka kuchukua kalamu.

Mshale ukashuka mara moja zaidi.

"Dada," mume alisema, na sauti haikumtoka vizuri. "Usimpime. Nakuomba. Mtoe humo."

"Baba, mtoto lazima apimwe," muuguzi alisema akicheka. Akasoma, akashangaa. "Mzito huyu. Hongera." Akamfungua mtoto na kumweka begani, na mshale, bila kitu chochote kwenye ndoano, ukabaki chini. Muuguzi akaigonga mizani kwa kidole. Akalalamika kwamba springi imechoka, akachukua kadi ya mtoto na kuandika uzito wote kama alivyousoma.

Mtoto, ambaye hakuwa amenyamaza tangu azaliwe, akanyamaza. Akageuza uso kwenye bega la muuguzi, akamtazama baba yake, akashusha pumzi ndefu, taratibu, kama mzee aliyepata kiti.