Abiria wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi hiyo tena mkanda wa kiti cha nyuma ulikutwa umefungwa, na ulikuwa umelowa.

Fundi wa helikopta ya walinzi wa pwani, ambaye kikosi kizima kilimwita Mama Spana, aliufungua, akaufuta, akageuka kuchukua taa. Nyuma yake kitu kikalia: ka. Mkanda ulikuwa umejifunga. Harufu ya mwani uliooza ikajaa karakana.

Alijua balaa ilikotoka. Siku moja ya ukungu mdogo wake, mwokoaji wa kikosi, alivuta kamba ya kuokolea kutoka baharini, ikaja nzito. Uso hakuuona. Alipapasa bega la baridi, akaliketisha, akalifunga mkanda, akarudi mlangoni kuendelea na kazi. Walipotua, kiti kilikuwa kitupu. Desturi yao ilikuwa kwamba aliyemfunga mtu ndiye anayemfungua, lakini yeye alitimua mbio bila kuufungua, na tangu hapo alikuwa akisingizia mgongo ili asiruke.

Kabla ya adhuhuri simu ya redio ikaingia. Mashua inazama, ndani yake kuna baba na mabinti zake. Rubani alihesabu viti, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto mmoja atakosa pa kukaa.

Mama Spana alimkuta mdogo wake nyuma ya mapipa ya mafuta.

"Mgongo umepona?"

"Dada, linanipumulia shingoni," alinong'ona. "Nikiugusa ule mkanda, litanishika."

"Likushike, na mimi nikushike. Tuone nani ana mikono migumu."

Wakaruka wote watatu, wao na rubani. Juu ya maji ukungu uliingia kupitia mlango wazi, ukatambaa sakafuni, ukakizunguka kile kiti, na mwokoaji akapiga magoti mbele yake huku meno yakigongana, akasikia pumzi ya maji ikipanda na kushuka karibu na sikio lake, akahisi vidole vyenye utelezi vikimshika kifundo cha mkono taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Dada yake alimkumbatia kiunoni kwa nyuma.

"Tulikukaribisha kwa makosa," aliliambia lile lisiloonekana. "Lakini kiti hiki ni cha mtoto anayezama. Shuka."

Mwokoaji akabonyeza kifungo cha mkanda, ukafunguka. Ka.

Kitanzi cha kamba kilishuka kitupu, lakini kamba ilikaza hadi mashine ya kuivutia ikalia. Kilipogusa maji ikalegea. Kiliporudi juu kilimleta binti mdogo akikohoa. Mwokoaji alimtazama usoni vizuri, kisha ndipo akamfunga mkanda. Baba na mabinti wengine wakafuata, wakakaa viti vilivyobaki.

Kiti kikakaa kikavu muda mrefu, hata wakaanza kulitania lile jambo wakati wa chai. Kisha ikaja asubuhi nyingine ya ukungu. Ka.

Mama Spana hakuangusha hata spana. Alimpigia simu mdogo wake.

"Vaa kofia uje," alisema. "Kuna abiria wa kurudisha."