Nilijua Projekta Ile Haionyeshi Mchana

Nina miaka thelathini na tatu, nina mtoto mmoja wa kike, na sijaolewa. Hili la kutoolewa nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililonitia wazimu. Naishi Tukuyu mjini, nina kijiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi. Nyumbani kwetu ni Masukulu. Jina langu mtanisamehe, silitaji.

Ndugu wasomaji, mkisikia mtu kamharibia mama yake maisha, mnafikiria pombe, au shamba lililouzwa kwa siri. Mimi nilimharibia mama yangu kwa projekta! Ndiyo, ile mashine ya kuonyesha picha ukutani. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Mama yangu ni mjane. Miaka kadhaa nyuma nilimshawishi akate nusu ya migomba yake apande parachichi. Mnajua maana ya kumwambia mama wa Kinyakyusa akate migomba? Ile ilipandwa na mama mkwe wake! Alilia, lakini alikata, kwa sababu aliyemwambia ni mimi, binti yake aliyesoma. Nilimwambia, "Mama, ndizi tutakula tu, parachichi tutauza." Wanawake wenzake walipoona kakata, nao wakakata. Wakaunda kikundi, wakamchagua yeye kuwa mwenyekiti.

Miti ikakua, ikazaa mpaka matawi yakainama... soko hakuna! Madalali walikuwa wanakuja wanapotaka, wanachambua matunda kwa dharau na kutaja bei kana kwamba wanakusaidia. Yaliyobaki yaliozea chini, hata nguruwe wakayachoka.

Ndipo tukasikia kuna kampuni ya kupeleka parachichi nje inatafuta vikundi viwili vya kufunga navyo mkataba. Wanunuzi wangekaa kwenye ukumbi mmoja hapa Tukuyu, kila kikundi kipewe nusu saa kuonyesha mashamba yake kwa picha. Ilikuwa masika, na gari lao lisingepanda njia zetu zile za utelezi. Kwa hiyo picha ndizo zingekuwa shamba letu. Picha zikionekana, mama anapata soko. Zisipoonekana, amekata migomba bure.

Kikundi kikachanga kinunue projekta yake chenyewe, ya kubebeka, itumike na siku nyingine. Nani atumwe? Mimi, fundi wa kopi! Mama na wenzake wakapanga maswali kwenye karatasi. Akanikabidhi na kuniambia, "Mwanangu, usichukue ya kwanza. Linganisha, kama unavyochagua mbegu."

Sasa hapo ndipo anapoingia Festo.

Festo alikuwa muuzaji kwenye duka moja la vifaa vya ofisi kule Mbeya. Tulijuana nilipokwenda kununua wino, na mwaka mzima alikuwa ananiita mke wangu. Alikuwa anasema siku bosi wake atakapompa usimamizi wa tawi, anakuja Masukulu na wazee wake kuleta posa. Weee! Mwanamke wa umri wangu, mwenye mtoto, ambaye kila harusi anaulizwa "na wewe lini?"... Nilishachagua hadi kitambaa cha sare ya mashangazi.

Siku ile Festo alinitolea projekta mbili, akaziweka kwenye stoo ya nyuma isiyo na dirisha. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Ina begi lake, ina waya zake, feni inaunguruma, na umeme ukikatika haina kazi. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeupe, nzuri jamani! Inaingia kwenye mkoba. Ina betri humo humo, ina spika, inawaka hapo hapo, na inachukua picha moja kwa moja kwenye simu. Kwetu umeme ukiona wingu tu unakatika, kwa hiyo moyo wangu ulishaegemea ile ndogo.

Tukaziwasha zote mbili, tukaonyesha picha za shamba la mama ukutani. Gizani mle zote ziling'aa. Nikajaza karatasi. Uzito, ndogo inashinda. Umeme, ndogo inashinda. Waya, ndogo inashinda. Nikafika swali la nne, mwandiko wa mama mwenyewe: "Je, mchana inaonekana?"

Nikaenda kufungua mlango wa stoo. Mwanga wa mchana ukaingia.

Ile kubwa picha yake ilififia kidogo, lakini matunda ungeweza kuyahesabu. Ile ndogo... ilifutika! Ukutani pakabaki rangi hafifu, kama doa la chai kwenye shuka lililofuliwa. Niliona kwa macho yangu mawili. Hakuna aliyenificha.

Festo akausukuma mlango kwa mguu, ukafunga. Akacheka. Akaniambia, "Mke wangu, mlango ukifungwa zote ni sawa. Hizi ndogo zimedoda hapa dukani. Bosi kasema nikizimaliza, tawi ni langu. Imebaki hii moja tu. Sasa wewe unataka tuoane, au unataka mlango?"

Na mimi nikacheka. Kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi niliila siku ile nikalamba na vidole! Kwenye swali la mama nikaandika, "Zote sawa."

Mama aliisoma karatasi ile kwenye mkutano wa kikundi, kasimama wima, kaishika kwa mikono miwili kama anasoma somo kanisani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja tu, Mama Bupe, jirani yetu mwenye mdomo usiomwogopa mtu, ndiye aliyeuliza, "Kitu kidogo hivi kweli kina nguvu za kitu kikubwa?" Mama akamjibu kwamba mwanaye kazijaribu zote mbili. Basi, yakaisha.

Je, sikuogopa? Niliogopa! Lakini nilijifariji kwamba hii ni Tukuyu bwana, tena masika. Ukungu unashuka saa nane mchana watu wanawasha taa. Wenzangu wanaomba mvua kwa ajili ya mahindi, mimi nikawa naomba mvua nisiumbuke. Siku moja kabla, nilikwenda kuijaribu pale ukumbini mvua ikinyesha. Ilionekana! Nikashukuru, nikarudi kupiga pasi nguo za mama. Bado ningeweza kusema ukweli siku ile. Tungeazima nyingine, tungekodi... Sikusema.

Kesho yake likatoka jua. Jua gani lile! Mlima Rungwe ulionekana hadi kileleni, anga jeupe, na umeme haukukatika hata sekunde moja. Ule ukumbi una madirisha makubwa ya vioo pande mbili, hauna pazia hata moja. Nani anaweka pazia Tukuyu, wakati mwanga wenyewe tunautafuta? Sisi tulijihami na giza maisha yetu yote, na mimi nikaja kuumbuliwa na jua.

Kikundi cha kutoka Suma ndicho kilianza. Nikamwona mwanamume kainama anachomeka waya za projekta yao kubwa nyeusi. Alipoinuka, moyo ulinipasuka. Festo! Kumbe baada ya kuniuzia mimi ile ndogo, wale walikwenda dukani wakauziwa ile kubwa, naye kaja kuwafungia. Picha zao zikawaka ukutani, unaona hadi umande kwenye majani. Alipomaliza akapita mbele yangu na kuniambia, "Pole na safari, dada."

Dada! Mwaka mzima mke wangu, leo dada!

Ikafika zamu yetu. Mama akasimama mbele na kitenge chake kipya, kashika kijiti cha kuonyeshea. Nikawasha. Ukuta mweupe. Nikazima, nikawasha tena. Mweupe. Nikaisogeza karibu na ukuta, picha ikaonekana kwa mbali, ndogo kama sahani. Wanawake wetu wakapanda kwenye viti, wakavua vitenge vya mabegani na kuvishikilia madirishani. Wakiziba huku, jua linaingia kule.

Na mama? Mama alianza kueleza! Alikuwa kaukariri mpangilio wote wa picha. Akanyoosha kijiti kwenye ukuta mtupu, "Hapa mnaona miti yangu ya kwanza... hapa ndipo palipokuwa na migomba..." Mtu akacheka huko nyuma. Wengine wakaangua. Mama akageuka, akautazama ukuta, akanitazama mimi. Halafu akaendelea, picha moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, anaelekeza kijiti mahali pasipo na kitu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wanunuzi walikuwa waungwana. Walikuja kuchungulia kwenye simu yangu, wakaona picha mbili tatu, muda ukaisha. Mkataba wakapewa Suma na kikundi kingine. Sisi tuliambiwa kwa upole kwamba tulikuwa na muda wa kutosha kujiandaa.

Mkutano uliofuata ulikuwa moto. Mama Bupe alisimama akasema wazi kwamba mwenyekiti na binti yake wamekula njama na mwenye duka. Wengine wakaitikia. Migomba yao imekwenda, soko limekwenda, na wametiwa aibu mbele ya wageni! Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nyuma ya mama, nachezea nyuzi za mkeka.

Mama akasimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Nawaapia kwa Kyala, Mungu wetu anayetuona. Kama mwanangu aliliona jambo hili akanyamaza, basi siku nikifa msije kunizika."

Asiyekujua kwetu hawezi kuelewa uzito wa neno lile. Kwetu msiba ni wa wote. Mtu atakugombania mpaka wa shamba, mtanuniana miaka, lakini siku ya msiba anakuja na kuni na mkungu wa ndizi, anakulilia na kukuzika. Kumkataza mtu asikuzike ni kujitoa katika watu.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi mno. "Mama, usiape, niliona." Nilifungua mdomo... nikaufunga. Jamani, nilimwacha mama yangu aape uongo asioujua! Wanawake walishtuka kwa kiapo kile, hata Mama Bupe akaomba radhi. Kikundi kilivunjika, lakini kwa amani.

Festo nilimpigia mpaka namba ikawa haipatikani. Nilipofunga safari kumfuata dukani niliambiwa kapewa tawi la Songea, kahamia huko na mke wake. Na mke wake! Nililia pale pale kaunta, na wateja wakinitazama.

Mama sasa anakwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Kwa umri ule, na magoti yale! Kila nikienda kumwona alikuwa ananipoza, "Usijilaumu, mwanangu. Lilikuwa ni jua tu." Alilirudia neno hilo miezi na miezi. Ningeweza kuvumilia matusi, lakini huruma yake ilinichoma kuliko kitu chochote. Siku moja, tukiwa tunamenya ndizi, nikashindwa. Nikamwambia yote. Stoo, mlango, Festo, na yale maneno mawili niliyoyaandika.

Aliniuliza swali moja tu. "Siku nilipoapa, ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamjibu, "Nyuma yako, mama."

Akaweka kisu chini, akafunga kitenge, akatoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa wale wanawake wote, kuwaambia kwamba mwanaye aliona, na kiapo chake kiko pale pale. Walimsihi akifute. Mchungaji alikuja mara mbili. Mama Bupe alipiga magoti! Mama anawasikiliza, anawashukuru, "Ndaga fijo," kisha anasema Mungu si wa kutaniwa.

Tangu siku hiyo haendi msiba wa mtu. Anasema atawezaje kuwazika wenzake, wakati yeye kawakataza wasimzike? Juzi alifiwa Mama Bupe, kafiwa na mume. Wanawake walipita kwenye ua wetu wakiwa na kuni na ndizi kichwani, wakapunguza mwendo, wakasimama kumsubiri. Nilikuwepo. Mama alikuwa kasimama mlangoni, kitenge kashafunga kiunoni, mkungu wa ndizi uko miguuni pake. Walisubiri sana. Mwishowe akaniambia mimi niubebe mkungu niwape. Nilipowafikia, waliupokea bila kunitazama, wakaenda zao. Niliporudi nilimkuta mama kakaa chini, anasikiliza vilio kutoka kwa jirani yake na kulia peke yake.

Mimi najiuliza, siku mama akifunga macho, nani atakuja? Nitachimba peke yangu na binti yangu?

Dada zangu mnaosoma, hasa nyie mnaosubiri kuolewa, nawaombeni sana. Mtu akikutaka useme uongo mdogo ndipo akupende, mwache aende. Na ukitumwa uwe macho ya watu, waambie ulichokiona, hata kama kitakunyima mume. Zaidi ya yote, ukishakosea, sema mapema. Usimwache anayekupenda asimame kukutetea mbele za watu. Nimemwomba mama msamaha, na amenisamehe, ameniambia hivyo mwenyewe. Lakini kiapo chake hakifuti, na mimi sina la kumfanyia.