Sumaku Iliyokataa Kila Chuma

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Chiriku alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Jina hilo alipewa kwa sababu maneno hayakumwisha tangu anaamka hadi usingizi unamchukua. Shangazi alikuwa mhunzi. Alinunua springi za malori mabovu, akazipasha moto na kuzifua ziwe visu, majembe na tindo za kuvunjia miamba. Chiriku alipitisha sumaku sakafuni ikusanye vumbi la chuma, kisha akaitundika kwenye msumari wake.

Sumaku hiyo ilitoka kwenye spika ya redio iliyokufa, na shangazi aliitunza kama mboni ya jicho. Karakana ilikuwa wazi upande mmoja, na jua la alasiri lilififisha rangi ya chuma kilichowaka. Sumaku ndiyo iliyomwambia kama kimeiva. Chuma kikiwa bado, sumaku hukinasa. Kikipata moto wa kutosha, hukikataa kabisa utadhani ni kuni. Hapo ndipo hutumbukizwa kwenye mafuta kikawa kigumu. Kikiwahishwa, hubaki laini. Sharti la shangazi lilikuwa moja: gusa, utoe. Sumaku isikae motoni.

Siku moja shangazi alipokwenda kununua mkaa, swali lilimwasha Chiriku hadi akashindwa kutulia. Chuma kikipata moto hukataa sumaku. Je, sumaku yenyewe ikipata moto? Akaifukia kwenye makaa. Baadaye akaitoa kwa koleo, akaiacha ipoe, akaisogeza kwenye msumari. Haikushika. Akajaribu nyundo, akajaribu fuawe. Wapi! Akaitundika mahali pake, akachukua ufagio. Shangazi aliporudi alikuta sakafu imefagiwa na mpwa wake amenyamaza, akadhani ana homa.

Kesho yake shangazi alitengeneza tindo za mchimba visima aliyekuwa amefika kwenye mwamba. Alizigusa kwa sumaku, sumaku ikakataa. Akazitumbukiza kwenye mafuta. Mchimba visima akarudi nazo jioni, ncha zote zimepinda. Shangazi akatengeneza nyingine, nazo zikapinda. Mteja alisema kwa upole kwamba kijiji kizima kinasubiri maji, na zikipinda tena atatafuta mhunzi mwingine.

Alipoondoka, shangazi alikaa kwenye kigoda akaitazama mikono yake.

"Labda mikono hii imeshachoka," alisema. "Afadhali nifunge karakana kabla sijaumiza mtu."

Chiriku aliuweka ufagio chini. Mikono ile ndiyo iliyomlea tangu mama yake alipougua. Angewezaje kuiacha ibebe lawama isiyo yake?

"Shangazi, mikono yako ni mizima," alisema, machozi yakimtoka. "Sumaku ndiyo iliyokufa. Niliifukia kwenye moto, halafu nikaficha."

Shangazi aliitwaa sumaku, akaisogeza kwenye msumari. Kimya. Akashusha pumzi ndefu, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo. Kumbe sumaku iliyokufa ilikuwa inakataa kila chuma, kibichi na kilichoiva! Alimtuma Chiriku kwa fundi redio akaombe spika nyingine mbovu.

Sumaku mpya ilipofungwa kwenye waya, shangazi alimpa Chiriku aishike. Tindo iliwaka nyekundu. Sumaku iliposogezwa ilining'inia tu, haina habari. Badala ya kuitumbukiza tindo kwenye mafuta, shangazi aliitoa motoni akamwambia asubiri. Wekundu ukafifia taratibu. Mara, ta! Sumaku iliruka yenyewe, ikaing'ang'ania tindo kabla Chiriku hajafumba jicho. Mwili ulimsisimka.

"Wamerudi mstarini," shangazi alimwambia. Alieleza kwamba ndani ya chuma mna visumaku vidogo mno, navyo hushikamana kutazama upande mmoja, kama wanafunzi mstarini asubuhi. Moto ukizidi, kila kimoja hugeukia kwake. Kugeuka huko ni kwa haraka ajabu. Wanasayansi hulazimika kutumia mmweko wa mwanga mfupi kuliko chochote tunachoweza kuhesabu, ndipo waone kunavyotokea. Tindo ilipopoa, sumaku mpya ilivipanga visumaku vyake tena. Ile ya zamani ilipoa peke yake, bila wa kuipanga.

Chiriku alikitazama kile kipande cha springi ya lori kwa heshima. Kumbe kitu kizito namna ile, kisichotikisika, ndani yake kulikuwa na pilikapilika zote hizo!

Tindo zile zilitengenezwa upya siku hiyohiyo. Baada ya muda mchimba visima alirudi, suruali imelowa hadi magotini, anacheka peke yake. Hakuja na malalamiko. Alileta dumu la maji ya kisima kipya.

Shangazi alimmiminia Chiriku kikombe cha kwanza.

"Kunywa, mwanangu. Kuuliza si kosa, na kuharibu kunasameheka. Lakini ulipoirudisha kwenye msumari kimya kimya, sumaku ile iliendelea kunidanganya kwa niaba yako. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo."

Chiriku aliyanywa yote, kisha akauliza iwapo sumaku ya zamani inaweza kufufuliwa.