Vifungo vya Mgeni

Nyumbani wananiita Bi Ndoto. Mama ndiye aliyenipa jina hilo, siku aliponituma chumvi nikarudi na kiberiti, tena baada ya saa nzima, kwa sababu nilisimama njiani kutazama mawingu. Sikatai. Mimi huota hata nikiwa wima.

Likizo ile nilikuwa na sababu zaidi ya kuota kuliko siku zote. Dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa mumewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini, alikuja kupumzika kwetu. Mtoto tulimwita Mgeni. Alikuwa na siku kumi tu duniani, na alitazama kila kitu kama mtu anayetafuta pa kuketi. Na mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nikawa mama mdogo. Hebu fikiria!

Asubuhi mama alikwenda kazini, kwenye jiko la shule ya bweni. Mimi nilifua nepi, nikazianika, kisha nikaenda kukaa chumbani kwa dada. Dirisha lake lilikuwa na pazia la kijani. Jua likilipiga, chumba kizima kiligeuka kijani: shuka, ukuta, hata vidole vya Mgeni. Upepo ukivuma, rangi ile ilitembea taratibu juu yetu, nami nikasahau kabisa kwamba nje kuna mtaa na kelele.

Jumatatu na Alhamisi alikuja Fundi. Alikuwa mshonaji wa nguo, mwenye kicheko kikubwa na tepu ya kupimia shingoni. Yeye na wenzake saba walikuwa na kikundi cha kujitolea. Waliwatembelea kina mama waliotoka kujifungua, wakawasaidia kunyonyesha. Hawakuwa madaktari wala hawakulipwa chochote.

"Sisi ni wanawake tuliowahi kulia na mtoto mkononi," alisema. "Hiyo ndiyo shahada yetu."

Fundi hakuwa na haraka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama Mgeni akinyonya, akamsogeza kidogo tu ili kidevu kiguse titi. "Mama mdogo, usitazame mdomo peke yake," aliniambia. "Sikiliza koo. Akimeza utasikia." Nikainama. Kweli, nilisikia kh… kh… kh…, sauti ndogo mno, mpaka nikafumba macho ili niisikie vizuri.

Dada alikuwa amechoka hata hakumbuki saa. Basi Fundi alimletea makopo mawili na vifungo vya mashati vilivyobaki kazini. Kila Mgeni aliponyonya, kifungo kimoja kilihama kutoka kopo la bluu kwenda kopo jekundu.

"Mchana na usiku visipungue vinane," alisema Fundi. "Vikizidi, heri. Na asipewe kitu kingine, hata maji. Mama mdogo, wewe ndiye mlinzi wa makopo."

Nilivimba kichwa, jamani! Mlinzi wa makopo!

Taabu ilianzia hapo hapo. Ikifika saa tisa alasiri, dada alilala usingizi mzito, mdomo wazi, nywele zimemfunika uso. Mgeni naye aliamka akaanza kulia. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nimwamshe dada, nikaurudisha. Nilimwonea huruma. Nikakumbuka mwanamke mmoja niliyemsikia bombani akisema kwamba maji ya sukari humtuliza mtoto mara moja. Nikakoroga kidogo, nikampa Mgeni kwa kijiko. Akalamba, akapiga miayo, akalala. Nikajiona daktari.

Baadaye dada alifumbua macho. "Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya usingizi, "nimeota namnyonyesha Mgeni."

Ningesema ukweli wakati ule, mambo yangeishia pale. Lakini nilimwona jinsi alivyotabasamu. "Hukuota, dada," nikasema. "Umemnyonyesha kweli, ukiwa nusu usingizini." Nikachukua kifungo kutoka kopo la bluu, nikakitia kwenye kopo jekundu. Kililia ti!

Kesho yake nikafanya tena, mara mbili. Na kesho kutwa. Nilikoroga sukari, nikahamisha vifungo, nikamwambia dada kwamba ndoto zake ni za kweli. Naye akaniamini, kwa nini asiniamini? Nepi zililowa kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Siku ya sita tulikwenda kliniki. Muuguzi alimning'iniza Mgeni kwenye mizani, akasoma, akamtoa, akampima upya. Uso wake ukabadilika.

"Uzito umepungua," alisema. "Hana homa, hana ugonjwa. Anapewa nini?"

"Maziwa yangu tu," alijibu dada.

"Basi anyonye zaidi, na mmrudishe baada ya siku nne. Akipungua tena tutamlaza."

Kumlaza! Njia nzima dada alilia, watu wakitutazama. Jioni ile ile tulimwita Fundi, akaja akaomba kuona makopo. Nami nilikuwa nimeandika hesabu ya kila siku kwenye kipande cha karatasi, akakichukua.

"Nane, tisa, nane, nane, tisa," alisoma, akakuna kichwa. "Sielewi. Mtoto anayenyonya hivi hapungui."

"Mimi naelewa," alisema dada. Machozi yalikuwa yanadondokea shuka. "Maziwa yangu hayana kitu, Fundi. Ni maji tu. Kesho nanunua ya kopo, haya yangu yakauke. Labda mimi sikuumbiwa kuwa mama."

Pazia la kijani lilitikisika. Nilitamani kuzama kwenye rangi ile nisirudi. Nikamtazama Mgeni, mikono yake miembamba, na moyo wangu ukaniuma kweli kweli.

"Si maziwa yako," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote: sukari, kijiko, vifungo. Nilipomaliza, dada aliuliza polepole, "Kwa hiyo nilikuwa naota?"

"Ulikuwa unaota, dada."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Nimelia barabarani mbele za watu nikijiona si mama," alisema, "na wewe ulikuwa ubavuni mwangu unanitazama." Hakupiga kelele. Afadhali angenipigia kelele. Nililia kwa kwikwi mpaka kamasi zikanitoka.

Fundi alimimina vifungo vya siku ile juu ya shuka. "Vyako viko vingapi hapa?"

"Viwili, vya asubuhi kabla ya kliniki."

"Vitoe." Nikavitoa, akavitia mfukoni mwa aproni yake. "Vizuri. Sasa tunajua pa kuanzia. Tumbo la Mgeni halizidi ngumi yake. Ukilijaza maji, maziwa yakae wapi? Na titi nalo lina akili zake. Lisiponyonywa, hudhani halina kazi, likapunguza maziwa. Likinyonywa, litajaa."

Kisha akamshika dada mkono. "Usimkasirikie sana. Mwanangu wa kwanza nilimpa maji ya sukari mimi mwenyewe, mtu mzima, na sikumwambia yeyote mpaka akalazwa wiki mbili. Unadhani ni kwa nini natembea nyumba kwa nyumba?"

Siku nne zile sikuota hata kidogo. Mgeni alilala kifuani kwa dada, ngozi kwa ngozi, na kila alipogeuza kichwa kutafuta, nilimwamsha dada, awe amechoka au la. Fundi alikuja kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Vifungo vikafika kumi, kumi na moja, kumi na viwili, vyote vya kweli. Nami niliinama nikasikiliza kh… kh… kh… kabla ya kuhamisha hata kimoja.

Tuliporudi kliniki, muuguzi alisoma mizani mara moja tu. "Huyu sasa anakula!" alisema akicheka. Dada alinivuta akanikumbatia pamoja na mtoto, katikati ya watu, nami sikuona haya.

Fundi alikuwa akitusubiri mlangoni kwetu. Aliposikia habari, alitoa vile vifungo viwili mfukoni mwa aproni yake, akavishona kwenye kola ya shati langu la shule.

"Hukuwa na roho mbaya, mama mdogo," alisema, akikata uzi kwa meno. "Ulikuwa na huruma, lakini huruma yenye uongo ndani yake humwumiza yule yule unayempenda. Ukikosea, sema mapema, njia ya mwongo ni fupi. Na ukimhurumia aliyelala huku mwanawe ana njaa, mwamshe."

Alasiri ile jua lilipiga pazia, chumba kikawa kijani. Saa tisa Mgeni akaanza kujinyonganyonga. Dada akatabasamu, macho yamefumba.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "namnyonyesha Mgeni."

Nikamtikisa bega.

"Unaota, dada. Amka."